Ngoma Pepe: Traki Moja au Nyingi?

Karibuni. Kabla ya skrini, masikio. Sikilizeni kiki hii, na nasema kiki ya ngoma ya mguu, siyo ile ya kusaka umaarufu Instagram. Sawa. Sasa isikilizeni tena. Ya pili ni nzito zaidi, na naona vichwa vimeanza kutikisika. Msiipende. Ni sauti ileile, ila mara hii inafika kwenye masta, yaani mkondo wa mwisho unaokusanya sauti zote, kwa njia mbili kwa wakati mmoja, ndiyo maana imepanda desibeli 6. Mtu akiipenda hivyo ataanza kuikata besi, ataibana kwa kompresa, na saa nzima itapita akitibu ugonjwa aliouleta mwenyewe. Tutarudi kwake.

Nikisema ala pepe ya ngoma, nasema plagini yoyote, yaani programu inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodi, inayopokea noti za midi (maagizo ya kipi kipigwe na lini, siyo sauti yenyewe) na kutoa sauti za ngoma: Superior Drummer, Addictive Drums, FPC ya FL Studio na nyinginezo. Ndani yake kuna kiki, sineya, hai-hati, matomu, na kwenye zile zilizorekodiwa studio kuna pia ovahedi, yaani maikrofoni za juu, pamoja na maikrofoni za chumba. Ukiifungua bila kugusa kitu, vyote hivyo vinatoka pamoja kwenye chaneli 1 na 2. Swali letu ni lini uviache pamoja na lini uvitenganishe.

Msimamo wangu ni huu: midi ibaki moja, sauti ndizo zigawanywe. Mpigaji ni mmoja, basi na noti zake zikae kwenye traki moja. Wapo wanaofanya kinyume. Wanakata midi: noti 36 ya kiki traki yake, noti 38 ya sineya traki yake, kisha kila traki inawekewa nakala yake ya plagini. Inaonekana safi kwa macho, lakini inaharibu mambo mawili.

La kwanza ni hai-hati. Iliyofungwa ni noti 42, iliyofunguliwa ni 46, na ala imeagizwa kwamba 42 ikipigwa, 46 inyamaze. Agizo hilo linafanya kazi ndani ya nakala moja tu. Ukizitenganisha, hai-hati iliyo wazi itaendelea kulia juu ya iliyofungwa, kitu ambacho hakuna mguu wa binadamu unaoweza kukifanya. La pili ni nakala zenyewe: kila moja inapakia sampuli zake, yaani sauti zilizorekodiwa, na kompyuta yenye RAM ndogo inaweza kuanza kukwama.

Kwa njia, zitajeni noti kwa namba, maana kila programu ya kurekodi ina majina yake. Noti 36 katika Ableton Live inaandikwa C1, katika REAPER C2, katika FL Studio C3. Watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa na wote wakawa sahihi.

Haya, tugawe sauti. Nitatumia REAPER. Kwanza, ndani ya miksa ya plagini yenyewe, mpe kila mmoja mlango wake: kiki 1/2, sineya 3/4, hai-hati 5/6, matomu yote 7/8, ovahedi 9/10, chumba 11/12. Jozi sita zinatosha. Plagini inaweza kukupa jozi 16, lakini kama hutaigusa sauti fulani peke yake, usiipe traki.

Pili, kwenye traki ya ala bonyeza Route, na idadi ya chaneli za traki iwe 12. Ikibaki 2, kila kilichotoka kwenye chaneli ya 3 kwenda juu hakina pa kupita, na utasikia kiki peke yake. Wengi hapo huishia kuilaumu plagini. Tatu, tengeneza traki sita za mapokezi, na kwa kila moja weka send, yaani njia ya kupeleka sauti, kutoka kwenye ala: ya sineya ichukue 3/4 na iingie kwenye 1/2. Sehemu ya midi kwenye send hiyo iwe None.

Nne, na hapa ndipo kiki ile nzito ilipozaliwa: ondoa alama ya Master send kwenye traki ya ala. Usipoiondoa, chaneli 1/2 zinaenda moja kwa moja kwenye masta, na wakati huohuo zinapita kwenye traki ya mapokezi. Kipimo chake ni cha sekunde tano. Shusha feda, yaani vitelezi vya sauti, za traki zote sita za mapokezi mpaka chini kabisa. Kiki ikiendelea kusikika, inavuja.

Mkitaka kuzikusanya, fungueni folda tofauti, na traki ya ala iwe ndani yake pamoja na mapokezi. Msiifanye traki ya ala yenyewe kuwa folda ya mapokezi, maana sauti itarudi ilikotoka.

Wa FL Studio: mipangilio ya wrapper (dirisha linaloibeba plagini), sehemu ya Processing, kuna kitufe cha Auto map outputs. Kinazipeleka sauti kwenye traki za miksa zinazofuata ile ya ala. Kama traki inayofuata ina sauti ya mwimbaji, sineya itaingia humohumo na kupata riverbu yake. Iweke ala mahali ambapo mbele yake ni patupu.

Sasa jambo linalowashangaza wengi. Umechagua priseti, yaani mpangilio uliokuja tayari na plagini, inayopiga vizuri, umegawa, mara ngoma zimekuwa nyembamba. Hujakosea. Priseti ilikuwa na kompresa kwenye masta ya ndani ya plagini, na sauti ukishaipa mlango wake kwa kawaida haipiti tena hapo. Kompresa hiyo uijenge upya kwenye folda.

Na wakati wa kusafirisha, yaani kuzigeuza traki kuwa faili za sauti, toeni traki zote kwa mkupuo mmoja. Ala nzuri hubadilisha sampuli kila pigo ili isisikike kama mashine. Ukitoa sineya leo na ovahedi kesho, sineya iliyomo kwenye ovahedi siyo ile iliyo kwenye traki yake. Mapigo mawili tofauti yanalaliana, na ukali wa sineya unapotea. Msizisogeze ovahedi pia ili "zilingane": maikrofoni iliyo mita 1 mbali zaidi inachelewa takriban milisekunde 2.9, na kuchelewa huko ndiko kunakokupa hisia ya chumba.

Ukubwa wa faili nao tuuseme. WAV ya biti 24 kwa 48 kHz, wimbo wa dakika 4: mono ni kama megabaiti 35, stirio 69. Jozi zote 16 kwa stirio zinapita gigabaiti 1. Kwa anayetuma kwa bando la simu, kiki na sineya ziwe mono.

Traki moja basi inafaa lini? Wakati wa kurekodi. Mpigaji anayetumia pedi anahitaji bafa ndogo, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukiandaa kabla ya kukitoa: sampuli 128 kwa 48 kHz ni milisekunde 2.7, lakini 1024 ni 21, na hapo anaanza kupiga akiisubiri sauti. Kila limita inayosoma mbele utakayoiweka inaongeza ucheleweshaji. Rekodi midi ukiwa na stirio moja, gawa baadaye. Midi haipotezi kitu.

Kuna swali pale. Singeli? Singeli ni kesi nyingine. Ngoma zake nyingi ni sampuli kavu, hazina maikrofoni ya pamoja, kwa hiyo ya ovahedi hayawahusu, na ukitaka kila sampuli iwe na traki yake hakuna kinachoharibika. Angalia mkia wa kiki tu. Kwa mapigo 200 kwa dakika, robo moja ya pigo ni milisekunde 75. Kiki yenye mkia wa milisekunde 300 inadumu pigo zima, kwa hiyo zikifuatana kwa karibu zinapandana. Ifupishe ndani ya sampla kwanza, halafu ndipo uguse feda.