Kagua Sloti ya Misri ya Kale Kabla ya Kutoa Hela

Haya jamani, karibuni tena. Leo tunaifungua Book of Dead, sloti, yaani mchezo wa kamari wa kuzungusha alama, ya kampuni ya Play'n GO ya mwaka 2016. Anubis na kichwa chake cha mbweha yumo, Horus kipanga yumo, farao yumo. Kama hujafikisha miaka 18, funga video, sitanuna.

Tafuta mchezo, chagua demo, ile ya kujaribu bila hela halisi, zima muziki. Mimi muziki nauzima siku zote, ukiusikia nusu saa usiku unaota ngamia.

Kabla hujazungusha chochote, ingia kwenye menyu, ufungue maelezo ya mchezo. Shuka chini. Shuka. Bado, shuka mpaka... ah, ujumbe umeziba skrini. Mama, niko kazini! Nitampigia. Haya, someni hapa: RTP, kiwango cha kurudisha kwa wachezaji, asilimia 96.21. Yaani kwa mamilioni ya mizunguko, katika kila shilingi 100 zinazochezwa, 96.21 huwarudia wachezaji wote kwa ujumla na 3.79 hubaki kwa kasino. Si kwamba wewe leo utarudishiwa 96.

Sasa nisikilizeni. Namba hii ni ya demo. Ya demo! Mchezo huu huu hutolewa kwa viwango tofauti: upo wa 94.25, upo wa 91.25, upo mpaka wa 84.18, na anayechagua ni kasino. Picha ni zile zile, sauti ni zile zile, kwa macho hutambui. Mimi niliisoma hapa, nikahamia kwenye hela halisi kifua mbele. Wiki mbili baadaye nafungua maelezo kwa bahati tu, nakuta 91.25. Makato yametoka 3.79 yakafika 8.75, na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wenzangu! Kwa hiyo ukitoka demo, fungua maelezo upya. Nitarudia tena, msinichoke.

Jedwali la malipo. Huyu mvumbuzi mwenye kofia, wakiwa watano, wameandikiwa 5,000. Usiruke juu. Ni mara 5,000 ya dau la mstari mmoja, yaani njia moja ambayo alama zikijipanga hulipa. Mistari iko 10, kwa hiyo ni mara 500 ya dau lako zima. Ile mara 5,000 ya dau zima, ambayo ndiyo kilele, inataka mvumbuzi ajaze skrini yote.

Zungusha. Hamna. Zungusha... hamna. Huu mchezo ni mkavu, una kiu ndefu halafu mvua ya ghafla. Ndiyo maana mimi huzungusha mara 200 kwenye demo nikiandika daftarini ni mizunguko mingapi ilipita mfululizo bila kitu. Nikishaona hivyo najua dau dogo kiasi gani litanivusha. Na kuusimamisha mzunguko kwa kidole hakubadilishi matokeo, tuliache hilo.

Ee! Vitabu vitatu! Kamera, kamera... imepoteza fokasi, subirini. Sawa. Hii ni mizunguko 10 ya bure. Kitabu kinajifunua kuchagua alama moja itakayotanuka kujaza safu nzima, nayo hulipa hata safu zisipopakana. Hiki kitabu chenyewe kinanichekesha: kina jalada gumu, wakati Wamisri wale waliandika kwenye mafunjo ya kukunja. Kinachagua... 10, ile ya karata. Kumi! Katika alama zote, kimechagua ya malipo ya chini kabisa. Mngepata mvumbuzi mngenisikia napiga kelele, yeye hata safu mbili tu anatanuka. Hawa kumi wanataka tatu.

Imeisha, tumeokota vumbi. Sasa naingia upande wa hela halisi. Sigusi kitufe cha kuzungusha, mkono huu hapa mnauona. Menyu. Maelezo. Shuka, shuka...

94.25.

Mmeiona? Natoka. Na chaji imebaki asilimia mbi