Ufuko uliohama Titan

Ndugu zangu, waliotembelea Nakuru miaka ya karibuni wameiona ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini. Ziwa lilijaa, likaifuata. Miaka mingine ziwa hilohilo hurudi nyuma, likaacha uwanja mweupe wa magadi. Kina chake ni kidogo na bonde ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu, ufuko huhama mbali. Naomba mlishike hilo.

Titan ndio mwezi mkubwa kuliko yote ya sayari ya Zohali. Baridi yake ni nyuzi 179 chini ya sifuri, na barafu ya maji huko ni ngumu kama mwamba. Kinachonyesha na kujaa mabondeni ni methani, gesi ambayo kwa baridi hiyo huwa kimiminika. Ziwa mojawapo limepewa jina la Kivu, na nalifurahia sana jina hilo, kwa kuwa Kivu yetu nayo imebeba methani tele kilindini. Nakuru nayo ina wajina wake huko: bonde la ziwa, ila kavu.

Maziwa ya kaskazini yaligunduliwa Julai 2006 kwa rada ya Cassini, chombo cha angani kilichokuwa kikiizunguka Zohali. Kraken, kubwa kuliko yote, linaizidi Viktoria zaidi ya mara tano. Lakini mimi huvutwa na Ontario, lililo karibu na ncha ya kusini. Kati ya 2005 na 2009, kiangazi cha kusini kikiyoyoma, baadhi ya watafiti waliona ufuko wake umerudi nyuma kwa kilometa kadhaa. Wengine walipima upya wasione badiliko. Ubishi wao una msingi: picha ya kwanza ilipigwa kwa kamera kupitia utusitusi mzito wa angahewa, ya pili kwa rada. Ushahidi ulionishawishi ni wa madimbwi madogo ya jirani. Rada ileile ilipita juu yake mara mbili, na mara ya pili hayakuonekana. Jicho lilikuwa moja, madimbwi ndiyo yaliyotoweka.

Majira moja ya Titan huchukua zaidi ya miaka saba yetu. Mei 2025 jua lilivuka ikweta kuelekea kusini, na Cassini iliteketea Septemba 2017. Chombo kijacho, Dragonfly, kimepangwa kufika 2034, nacho kitatua kwenye matuta ya mchanga karibu na ikweta. Ufuko wa Ontario utaendelea kusogea, au kutulia, bila mtu wa kuutazama kwa karibu.