Msingoje Akonde: Kuyatambua Magonjwa ya Ulaji

Ndugu wasikilizaji,

Naanza na jambo ambalo nimelisema katika kila jukwaa nililopewa, na nitaendelea kulisema hadi lisikike: magonjwa ya ulaji hayatambuliwi kwa kuutazama mwili wa mtu. Wazazi huniuliza, na hata wahudumu wa afya huniuliza, "Atakuwaje mgonjwa na hajakonda?" Swali hilo limewachelewesha wagonjwa wengi. Mwenye bulimia, yaani anayekula kupita kiasi kisha akajitapisha au kutumia dawa za kuharisha, mara nyingi ana uzito wa kawaida. Mwenye ugonjwa wa ulaji wa kupindukia anaweza kuwa na uzito wowote. Na mtu aliyekuwa mnene, akapoteza kilo nyingi kwa kujinyima, anaweza kuwa na moyo unaopiga polepole mno na shinikizo la damu lililoshuka, sawasawa na yule ambaye mifupa yake imeanza kuonekana. Huyo ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa sababu wote wanaomzunguka wanampongeza wakati anaangamia.

Wapo watakaonijibu kwamba huu ni ukaidi, au ni tamaa ya urembo ya mabinti, na kwamba mtu akiambiwa ale, atakula. Kwa hao nina kisa kimoja, nami naomba mnivumilie nikieleze kwa kirefu.

Mwishoni mwa mwaka 1944, vita kuu ikiwa bado inaendelea, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani aliwakusanya vijana wa kiume 36, wenye afya njema ya mwili na akili, waliokataa kubeba silaha kwa sababu za dhamiri na wakajitolea kutumika katika utafiti. Lengo lilikuwa kujua namna bora ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Kwa miezi 6 chakula chao kilipunguzwa hadi takriban nusu ya kile walichozoea, na wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akitafuta wembamba. Hata hivyo, tazameni yaliyowapata: walianza kuwaza chakula mchana kutwa, wakasoma vitabu vya mapishi na kukusanya maelekezo ya kupika, wakakatakata chakula vipande vidogo na kukaa nacho mezani muda mrefu, wakahisi baridi wakati wengine hawaihisi, wakawa wepesi wa hasira, wakazama katika huzuni na kujitenga na wenzao. Baadhi yao walishindwa kujizuia, wakala kupita kiasi, kisha wakajilaumu vikali. Hata baada ya kuruhusiwa kula tena, wapo waliokula hadi tumbo likajaa kabisa na bado hawakuhisi wameshiba.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1950, na bado tunabishana kama mgonjwa "anajifanyisha"! Vijana wale hawakuwa mabinti, wala hawakuwa na ugonjwa wowote walipoingia. Njaa yenyewe iliwabadilisha akili. Sisemi kwamba njaa peke yake ndiyo chanzo cha magonjwa haya, kwa kuwa yamo pia ya kurithi, ya hulka na ya mazingira. Ninachosema ni kwamba kujinyima kukishaanza, kwa sababu yoyote ile, mwenendo ambao ninyi mnauita ukaidi huzaliwa na kule kujinyima. Na anayekula kwa kupindukia usiku, akaambiwa ajizuie zaidi kesho yake, anarudishwa palepale ulipoanzia ulaji huo.

Basi angalieni mwenendo. Mwenye anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula, huogopa mno kunenepa, hupata visingizio vya kutokula na wenzake, huvaa nguo nyingi kwa sababu ya baridi, na mwili wake unaweza kuota vinyweleo laini. Hedhi inaweza kukatika, lakini msiifanye kuwa sharti; mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani ulikiondoa kigezo hicho mwaka 2013. Mwenye bulimia huenda msalani mara tu baada ya kula, mashavu yake huweza kuvimba kwa sababu ya tezi za mate, meno huliwa na asidi ya tumbo, na vifundo vya vidole huwa na makovu kwa kujitapisha. Kutapika na dawa za kuharisha hupunguza potasiamu katika damu, na potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kusimama ghafla, hata kwa mtu anayeonekana mzima. Mwenye ulaji wa kupindukia hula kwa siri na kwa haraka, hata asipokuwa na njaa, hawezi kujizuia, kisha hujichukia. Hali hiyo ikijirudia walau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, madaktari huihesabu kuwa ugonjwa kamili.

Kuna pia watoto wanaokataa vyakula vingi bila kujali kabisa unene, na wanaokula vitu visivyo chakula. Muda hauniruhusu kuwaeleza leo, ila nao wapelekwe kuchunguzwa.

Jambo la mwisho ni kwa familia zilizokwisha kumtambua mgonjwa wao. Anayezimia, anayelalamika maumivu ya kifua, au ambaye amekaa siku nyingi karibu bila kula, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Msijaribu kufidia nyumbani kwa kumlisha kingi mara moja, kwa sababu mwili uliokaa na njaa ukipokea chakula kingi ghafla, fosforasi katika damu huweza kushuka hadi kuhatarisha uhai. Hospitalini chakula huongezwa kidogo kidogo, na damu hupimwa mara kwa mara katika siku za mwanzo.