Sista, mikono yako ilikuwa wapi? Kujiandaa na usaili wa idara ya dharura

Habari za mchana, wadogo zangu. Kaeni, kaeni. Mliotoka zamu ya usiku mkisinzia sitawasema, na mimi nimewahi kusinzia kwenye mihadhara mizuri kuliko huu.

Nimeombwa niongee juu ya usaili wa kazi ya uuguzi idara ya dharura, hasa kwa anayetoka mafunzo tarajali. Nimekaa kwenye jopo miaka kadhaa sasa, ila nianze na siku niliyokaa upande wa pili wa meza. Cheti kipya, viatu vipya vinavyobana. Daktari mmoja akaniuliza: "Ameletwa mwendesha bodaboda, kaanguka, hajitambui. Utafanya nini?" Nikajibu kwa ufasaha wote wa darasani. Nikaeleza maana ya jeraha la kichwa, nikataja aina zake, nikaingia kwenye mshtuko wa mwili na hatua zake. Akaniacha nimalize. Kisha akasema taratibu: "Sista, muda wote huo mikono yako ilikuwa wapi?"

Kazi sikuipata, na nilistahili kuikosa.

Sasa mimi ndiye ninayeuliza, na kila wiki ya usaili nawaona wadogo zangu wakianguka palepale nilipoanguka. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko mezani mbele yetu, kwa hiyo tunajua mtihani ulishafaulu. Tunachosikiliza ni mpangilio: unagusa nini kwanza, nini kinafuata, umemwita nani, na umemwita lini.

Turudi kwa bodaboda wetu. Jibu lianze hivi: "Navaa glavu, naita msaada kwa sauti, naangalia njia ya hewa." Kuita msaada kusikosekane, na kusije mwisho kama pambo. Halafu endelea kwa mdomo kama vile mgonjwa yuko mezani pa jopo. Shingo huenda imeumia, kwa hiyo nainua taya bila kukunja shingo na mwenzangu anashika kichwa. Kuna damu mdomoni, nanyonya kwa mashine. Upumuaji: naangalia kifua pande zote mbili kama kinapanda sawa, nahesabu, naweka oksijeni. Mzunguko wa damu: napapasa mapigo, nakandamiza panapovuja, naweka kanula mbili nene za kwenye mshipa. Kisha fahamu, mboni za macho na sukari. Mwisho namvua nguo nimkague mwili mzima, halafu namfunika. Ukisema "namfunika" nitakupenda, maana mgonjwa wa ajali akipoa damu yake inaganda kwa shida.

Na hiyo sukari nirudie, kwa sababu ndiyo inayorukwa kuliko vyote. Mtu kaanguka na pikipiki, ananukia pombe, kila mtu kashaamua kwamba ni mlevi aliyegonga kichwa. Kidole kinachomwa, kipimo kinasoma 1.9, sukari imeshuka mno. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho kinachoweza kumwamsha mtu mbele ya macho yako. Kila asiyejitambua apimwe sukari, hata kama sababu unadhani unaiona.

Anayetaka kujinoa kwa mpangilio huu, kuna kozi ya msingi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani, kitabu chake kilitoka 2018, na kozi yenyewe ilifanyiwa majaribio hapa Tanzania, Uganda na Zambia. Kitabu ni bure mtandaoni. Kimeandikwa kwa hospitali kama zetu, zile ambazo mtungi wa oksijeni unaweza kuwa mmoja na wanaouhitaji ni watatu.

Swali la pili mtakalokutana nalo ni la kupanga wagonjwa. Mimi hulitoa hivi. Wameingia watatu kwa pamoja, na uko mlangoni. Mzee mmoja kavunjika mkono, anapiga kelele hadi barabarani, na anasema anamfahamu mganga mkuu. Mama mdogo kambeba mtoto wa miaka 2, mtoto kalala begani, anapumua haraka, hanyonyi. Dada wa miaka 25 kajiinamia kwenye benchi, tumbo la chini linamuuma, anaona kizunguzungu, mapigo 130, presha 80 kwa 50.

Nani kwanza? (Mnanong'ona. Semeni kwa sauti.) Naam, mtoto. Na dada je? Hapo ndipo wengi mnakwama, kwa sababu mmezoea mtihani wenye jibu moja. Wote wawili ni wekundu, yaani wa kuhudumiwa papo hapo. Dada yule, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ana mimba iliyotunga nje ya kizazi na anavuja damu ndani kimyakimya. Jibu ninalolitafuta ni hili: "Naingia na mtoto, na namwambia mwenzangu, kwa jina lake, amchukue dada kwa machela sasa hivi." Kwa jina, jamani. Ukisema "mtu aje hapa," hakuna anayeitwa mtu. Na mzee? Mzee anapiga kelele, maana yake njia ya hewa iko wazi na hewa inatosha. Tunamfunga mkono, tunampa dawa ya maumivu, na heshima yake kama mzee anaipata. Cheo cha rafiki yake hakibadilishi rangi yake.

Rangi zenyewe zijueni. Mfumo wa Afrika Kusini, ulioanzia Cape Town mwaka 2004, unampa mwekundu huduma papo hapo, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, wa kijani ndani ya saa nne. Kuna hospitali zinazotumia rangi tatu tu. Ulizia kabla hospitali unayoomba inatumia upi. Nenda hata kama ndugu wa mgonjwa, ukae kwenye benchi nusu saa, utaona.

Dawa. Hatutakuuliza famakolojia nzima, ila adrenalini nitakuuliza, na nina sababu. Ampuli ni ileile, ya miligramu 1. Mtu mzima aliyevimba koo baada ya sindano ya penisilini anapewa nusu yake, miligramu 0.5, kwenye msuli wa paja kwa nje. Aliyesimama moyo anapewa nzima kwenye mshipa, na inarudiwa kila dakika 3 hadi 5. Anayechanganya akampa wa mzio ile nzima kwenye mshipa huku moyo wake unadunda, anaweza kumuua kwa dawa iliyokuja kumwokoa. Nataka nione unasita kidogo kabla ya kujibu. Anayejibu haraka sana hunitia wasiwasi.

Ukipewa usaili wa vitendo, mdoli utakuwa sakafuni. Unamfufua kama aliyesimama moyo: mibano ya kifua 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, thelathini kwa pumzi mbili. Acha kifua kirudi juu kila baada ya kubana. Basi.

Sasa maswali yasiyo ya kitabibu, ambayo ndiyo yanayowaumbua wengi. "Kwa nini dharura?" Usiniambie unapenda pilikapilika. Idara ya dharura ya Muhimbili, ya kwanza kamili nchini, ilifunguliwa mwaka 2010, juzi tu. Kwenye jopo anaweza kuwepo aliyekuwa akipokea majeruhi kabla ya hapo, kwenye korido. Mweleze mgonjwa mmoja uliyemhudumia, ulichofanya, na ambacho leo ungefanya tofauti. Majina ya wagonjwa yaacheni wodini.

"Mgonjwa kachomwa kisu, hana PF3. Unamhudumia?" Unamhudumia. Damu haisubiri fomu ya polisi. Polisi wanaarifiwa na fomu inafuata wakati wewe umeshakandamiza jeraha.

"Kitu gani hujawahi kufanya?" Hapa semeni kweli. Kuna kijana alinijibu: "Sijawahi kuandaa vifaa vya kuweka mpira wa hewa peke yangu. Nimesaidia mara mbili. Siku ya kwanza nitaomba nionyeshwe toroli lenu, droo kwa droo." Tulimchukua. Aliyemtangulia alikuwa anajua kila kitu.

Na kumpigia daktari saa nane usiku, jopo linaweza kukuambia: "Mimi ndiye daktari, nipigie." Mmefundishwa SBAR, mpangilio wa kumpa mwenzako taarifa ya mgonjwa, ilianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani. Kwa Kiswahili chetu: yukoje sasa, alikuwaje, unadhani ni nini, unataka nini. Cha nne ndicho hutoweka. Mnasimulia vizuri halafu mnanyamaza, daktari anasema "sawa, mwangalieni," anageukia upande wa pili. Sema: "Naomba uje sasa."

Mavazi na vyeti mnajua, sipotezi muda. Nakala halisi, si picha kwenye simu. Wakikuuliza kama una swali, uliza usiku wanakuwa wauguzi wangapi, na mgeni anafanya kazi na mwenyeji muda gani kabla ya kuachwa peke yake. Wakicheka badala ya kujibu, umejibiwa.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, kaka. Anauliza: wakipiga simu leo jioni kwamba usaili ni kesho asubuhi, asome nini?

Usisome. Mwite mwenzako, alale chini awe bodaboda, na wewe useme kila unachofanya kwa sauti huku unakifanya. Mara tatu. Ya kwanza utaona aibu, ya tatu mikono itaanza kutangulia mdomo. Kisha kula, ulale.

Haya, wenye zamu ya jioni wameshaanza kuangalia saa. Nendeni, msije mkachelewa kupokea ripoti.