Kufuli tatu na safari ya Pangani

Zuhura: Habari za saa hizi, msikilizaji wetu. Uwe jikoni, uwe kwenye foleni ya Mwenge, karibu. Mimi ni Zuhura, na leo tunazungumzia ule msukumo wa kutenda kabla hujafikiri.

Method: Na mimi ni Method. Wiki iliyopita nilimsimulia dada Zuhura kisa changu kabla hatujaanza kurekodi, akaniambia, "Hicho ukakisimulie mbele ya watu."

Zuhura: Kwa sababu kimo kwenye nyumba nyingi. Haya, kaka Method.

Method: Ilikuwa Novemba, saa tano usiku. Mke wangu na watoto wamelala, mimi niko sebuleni na simu. Ikapita video ya kijana anakamua miwa kwa mashine. Juisi inashuka na povu lake, watu wamepanga foleni na glasi mkononi. Video yenyewe haikufika hata dakika. Nikajiona mimi niko pale. Na mahali nikapaona kabisa, ile njia panda ya karibu na kwangu, jua kali, wanafunzi wanatoka shule. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeshazungumza na muuzaji, nimeshaambiwa imebaki moja, na nimeshalipa laki nane na nusu. Ada ya Januari ya watoto ilikuwa humo.

Zuhura: Usiku uleule?

Method: Usiku uleule. Namba ya siri ina tarakimu nne tu, dada. Ukishazibonyeza, imekwisha. Mashine ikaja, ni ya umeme, na pale njia panda hakuna umeme. Mke wangu hakugomba. Aliuliza swali moja: "Uliuliza habari ya umeme?" Akarudi jikoni. Siku mbili nyumba ilikuwa kimya.

Zuhura: Na ada?

Method: Nilikwenda kukopa kwenye kikoba cha mtaani, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na hapo ndipo nilipopata somo. Waliowahi kuwa kwenye vikoba wanalijua lile sanduku. Lina kufuli tatu, na funguo zake wanashika watu watatu tofauti. Mwenyekiti peke yake hawezi kulifungua, wala mweka hazina. Ni lazima siku ya kikao ifike, watu wakae, sanduku liwekwe katikati, kila mwenye ufunguo afungue ya kwake mbele ya wote.

Zuhura: Mtindo huo una historia yake. Ulianza Niger mwaka 1991, kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima.

Method: Ni watu waliofikiri sana. Maana mimi nilipofika nikiwa na haraka zangu, nikaambiwa kikao ni Jumamosi. Jumamosi nikaulizwa, "Unataka ya nini?" Nikasema ada. Mama mmoja mwenye genge akauliza, "Na ile ya ada ilikwenda wapi?" Ikabidi nieleze. Akanifanyia hesabu palepale: miwa inanunuliwaje, barafu, ndimu, siku za mvua, kijana wa kusimamia. Dakika tano tu. Nikakaa nikawaza, haya maswali ningeulizwa Novemba, nisingelipa ile pesa.

Zuhura: Mimi tangu unisimulie nimekuwa nikiliwaza neno moja: umbali. Umbali kati ya kutamani na kutenda. Zamani umbali huo ulikuwepo bila mtu kuupanga. Ukitaka kununua kitu kikubwa unakwenda Kariakoo, unapanda gari, unasimama juani, unauliza bei duka la kwanza, la pili, la tatu. Pesa ziko benki au ziko kwa mama kabatini. Njiani tamaa inapoa yenyewe.

Method: Na sasa?

Zuhura: Sasa kuna watu kazi yao ni kuufuta huo umbali. Amazon, wale wa duka la mtandaoni, walipata hataza Marekani mwaka 1999, yaani haki ya kumiliki ubunifu, ya kununua kwa kubonyeza mara moja tu, na waliishikilia mpaka mwaka 2017 ilipokwisha muda. Hebu fikiri, kampuni inakwenda kujiandikishia haki ya kupunguza hatua! Walijua kwamba kila hatua unayomwongezea mnunuzi ni nafasi ya yeye kujiuliza, "Hivi nakihitaji kweli?"

Method: Lakini nisiilaumu simu peke yake. Pesa za simu zilipoingia hapa Tanzania mwaka 2008, sisi tuliotoka Kagera tulipumua. Kabla ya hapo, kumtumia mama pesa Bukoba ulikuwa unampa kondakta au mtu anayesafiri, halafu unakaa na roho juu wiki nzima. Leo mama akiniambia anaumwa, hatujamaliza kuongea pesa imeshamfikia. Sitaki tarakimu nne ziwe kumi nikiwa namtumia mama dawa.

Zuhura: Hapo umegusa penyewe. Umbali uleule ukiuweka kwenye ununuzi unakuokoa, ukiuweka kwenye wema unauua. Mimi kisa changu ni cha upande huo wa pili.

Method: Pangani.

Zuhura: Pangani. Ilikuwa Ijumaa, niko kazini, mtu akapita na vitumbua. Ile harufu ya iliki ikanipeleka moja kwa moja kwa bibi yangu. Kwa kawaida mtu akimkumbuka bibi yake anasema, "Nitakwenda Idi." Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasema Idi mbili. Siku hiyo sikujua nini kilinishika. Kesho yake alfajiri niko stendi ya Mbezi na begi la mgongoni. Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350, unapita Chalinze, unapita Segera, na kutoka Tanga mjini ndiyo utafute gari la Pangani. Nimefika alasiri, bibi yuko barazani anachambua mchele. Ameniona, ameweka ungo chini, swali lake la kwanza: "Nani amekufa?"

Method: Eh! Hata kwetu ni hivyohivyo. Mtu akitokea bila taarifa, ni msiba.

Zuhura: Nikamwambia hakuna. Akauliza, "Umefukuzwa kazi?" Hapana. "Umeachika?" Bibi, hata sijaolewa. Akanitazama, akasema, "Basi umekuja tu?" Nikamwambia, nimekuja tu. Hakuamini mpaka usiku. Tulilala kitanda kimoja, chandarua kimoja, tukazungumza mpaka tukasikia adhana ya alfajiri. Akanisimulia jinsi babu alivyoirudisha posa ya baba yangu mara mbili. Nina miaka thelathini na nne, sijawahi kusikia habari hiyo.

Method: Aliirudisha kwa nini? Alimkataa?

Zuhura: Hakumkataa. Alitaka kuona kama kijana atarudi. Bibi anasema babu alikuwa na neno lake, kwamba anayetaka kwa pupa harudi mara ya tatu. Baba akarudi.

Method: Sasa ngoja nikubane hapo. Wewe ulikurupuka ukaenda Pangani, mimi nilikurupuka nikanunua mashine. Msukumo wa kwako tunauita upendo, wa kwangu tunauita pupa. Si ni kwa sababu wa kwako uliishia vizuri?

Zuhura: Swali zuri, na sitalikwepa. Kwanza wangu ulikuwa na gharama. Jumamosi ile rafiki yangu alikuwa na shughuli ya kumfunda mdogo wake, na nilikuwa nimeahidi kusimamia vyakula. Nilimpigia nikiwa Chalinze. Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia. Nilikwenda kumwomba radhi uso kwa uso. Kwa hiyo siwezi kusema msukumo ukiwa mwema haudhuru mtu.

Method: Sawa.

Zuhura: Lakini tofauti naiona. Bibi yangu nilikuwa namtaka miaka miwili, ile harufu ya vitumbua ilifungua tu mlango. Wewe mashine ya miwa ulikuwa unaitaka saa nne usiku, kabla ya video?

Method: Saa nne sikujua hata kama ipo.

Zuhura: Basi, ndiyo tofauti. Vijana wanasema "mzuka umenipanda", na mimi nalipenda hilo neno. Mzuka ni kitu kinachozuka. Ila kuna kinachozuka kutoka ndani yako na kuna kinachozuliwa na mtu mwingine, kwa faida yake.

Method: Hilo nalikubali. Kitu kingine kinachoniuma ni watu kusema, "Maskini hawana subira, ndiyo maana ni maskini." Mnalijua lile jaribio la watoto na pipi laini, lililofanyika Stanford kuanzia miaka ya 1960? Mtoto anawekewa pipi moja, anaambiwa akisubiri atapata mbili. Watu wakatoka na hitimisho kwamba anayesubiri ndiye atakayefanikiwa maishani. Lakini mwaka 2013 mtafiti Celeste Kidd na wenzake, Chuo Kikuu cha Rochester, waliongeza kitu kidogo mbele ya jaribio hilo. Watoto walikuwa 28. Kwanza waliahidiwa rangi nzuri za kuchorea. Nusu yao mtu mzima alirudi nazo kweli. Nusu nyingine alirudi akasema, "Samahani, kumbe hazipo." Ikarudiwa tena, ahadi nyingine. Ndipo ikaja pipi.

Zuhura: Na walioahidiwa wakakosa wakaila.

Method: Waliila ndani ya dakika tatu hivi, kwa wastani. Wale waliotimiziwa ahadi walisubiri kama dakika kumi na mbili. Waliofika mwisho, dakika kumi na tano, walikuwa tisa kati ya kumi na wanne upande huo. Upande wa waliodanganywa ni mmoja. Mmoja tu, dada. Mtoto mwenye akili zake amejifunza kwamba hapa ahadi haiji, basi bora kilichopo mkononi.

Zuhura: Wahenga walishasema ngojangoja huumiza matumbo.

Method: Na waliosema haraka haraka haina baraka ni walewale. Nadhani walikuwa wanatazama nani anakuahidi. Kibarua wa ujenzi anayeambiwa "njoo Ijumaa uchukue hela yako" Ijumaa tatu mfululizo, siku akilipwa akazitumia zote jioni ileile, mimi sitamhubiria subira.

Zuhura: Ndiyo maana posa ya babu iliwezekana. Baba alijua mzee hamchezei.

Method: Naam.

Zuhura: Kuna msukumo mmoja hatujaugusa, nao unavunja nyumba. Hasira. Mtu anatamka talaka huku sahani iko mezani. Sisi tuliolelewa Pwani tunajua eda, ule muda anaokaa mwanamke wa Kiislamu baada ya talaka kabla ya kuolewa tena, imewekwa kwa ajili gani. Watu wengi wanadhani ni ya kujua mimba tu. Katika talaka rejea, mwanamke anakaa eda ya tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi na hedhi, na Sura ya Talaka inakataza asitolewe nyumbani mwake muda huo. Aya ileile inamalizia kwamba huenda Mwenyezi Mungu akazusha jambo jingine baada ya hayo. Na mume anaweza kumrejea ndani ya eda bila ndoa mpya. Nyumba moja, miezi mitatu hivi, mnakutana kisimani na jikoni. Hasira ya usiku mmoja inapewa miezi mitatu ya kujitazama.

Method: Na Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ina roho hiyohiyo. Ukitaka kuoa unatoa taarifa siku 21 kabla. Ukitaka talaka, kwa kawaida mahakama haikupokei mpaka mpitie kwanza baraza la usuluhishi. Na ndoa ikiwa haijafikisha miaka miwili, unahitaji ruhusa maalumu ya mahakama hata kuleta ombi lenyewe. Nimesikia watu wanalalamika kwamba ni usumbufu.

Zuhura: Kwa anayepigwa ni zaidi ya usumbufu, tuseme ukweli. Yule hafai kuambiwa akae asubiri. Lakini kwa waliogombana juu ya chumvi, Mungu awabariki waliotunga siku hizo.

Method: Mimi nyumbani tumeweka yetu. Pesa ya ada sasa iko kwenye akaunti ambayo mke wangu ana nusu ya namba ya siri na mimi nusu. Na kitu chochote cha zaidi ya laki moja kinaandikwa kwenye karatasi ukutani, kinalala siku tatu. Tangu Januari vimeandikwa vitu tisa. Tumenunua viwili.

Zuhura: Na mashine?

Method: Imenunuliwa na kijana wa Bagamoyo mwenye kibanda chenye umeme. Nilipata hasara ya laki mbili na nusu, nimeikubali. Sasa niambie, bibi alisemaje ulipoondoka?

Zuhura: Alinisindikiza mpaka penye magari, ana miaka themanini na kitu. Nikamwambia, "Bibi, safari ijayo nitakupigia wiki moja kabla." Akasema, "Usinipigie. Ukinipigia nitakaa barazani tangu alfajiri nahesabu magari, na likipita la mwisho hukushuka, usiku sitalala. Wewe njoo tu, nikuone umesimama mlangoni."