Shaba Ndani ya Oili

Ndugu mafundi na wanafunzi, kipande hiki naomba kipite mkono kwa mkono. Ni beringi ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imetoka kwenye injini ya dizeli. Pitisha ukucha pale katikati; pamelika mpaka unakwama. Kipande kama hiki hulika zaidi asubuhi, gari linapowashwa, kuliko likiwa barabarani linakwenda.

Usiku kucha oili imechuruzika kurudi chini. Ukiwasha, krenki inaanza polepole, na oili haijajenga utando wa kutosha kuachanisha chuma na chuma. Uso huu unaong'aa, kwenye hadubini, ni vilima na mabonde. Vilele vinagusana, vinashikana kwa joto, vinang'oana. Ndiko kulika kwenyewe.

Hapo ndipo chembe za shaba zilizochanganywa kwenye oili zinaposaidia. Nazungumzia chembe za nanomita 20 hadi 50 hivi, wakati unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo zinapita kwenye filta bila shida. Zikibanwa kati ya vilele, zinabapa, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma, na zinaziba mabonde. Sasa kinachokwanguka ni utando wa shaba, chuma kimesalimika. Wanasayansi wa Kisovieti Garkunov na Kragelsky waliona jambo la jamii hii mwaka 1956 kwenye miguu ya magurudumu ya eropleni: shaba ilitoka kwenye bronzi, mchanganyiko wa shaba na bati, ikajipaka yenyewe juu ya chuma, na kulika kukapungua mno. Mimi kila nikilifikiria hilo nasisimka.

Tazameni chupa hizi mbili. Oili ni ileile, shaba kiasi kilekile, haifiki asilimia 1. Ya kushoto shaba yote imelala chini kama tope, maana chembe hizi hushikana, na zikishikana zinakuwa mchanga. Ya kulia nilizivika asidi ya oleiki, iliyo nyingi kwenye mafuta ya zeituni: kichwa chake kinang'ang'ania shaba, mkia unakaa na oili. Rangi ni moja toka juu hadi chini.

Nawasihi, msimwage unga wa shaba kwenye injini ya mteja. Tena shaba huharakisha oili kuharibika kwa joto na hewa, kwa hiyo lazima iandamane na dawa ya kuzuia hilo. Chupa hii ya kulia inarudi kwenye joto leo jioni. Shaba ikituama chini, haifiki kwenye injini.