Nanaa Imechanua, Tuikate au Tuiache?

REHEMA: Haya jamani asalaam aleikum, karibuni tena. Mimi Rehema niko Mombasa, na mwenzangu Juma yuko London ambako nasikia wiki hii jua limewaka mpaka watu wanalalamika.

JUMA: Waaleikum salaam da Rehema. Limewaka kweli. Na nanaa zote za mtaa huu zimeanza kutoa tumba, ndo maana meseji zimejaa, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, nanaa yangu imechanua, ndo basi imekufa?

REHEMA: Mi zilinichekesha, si kwa ubaya lakini. Huku kwetu nanaa inakaa kwenye ndoo pale nyuma ya jiko miaka na miaka, inachumwa ya chai, ya juisi ya ndimu, ya chatne, na maua hata hayazungumzwi. Ukiuliza hapa ua la nanaa lina rangi gani wengi watabaki kukutizama tu.

JUMA: Zambarau iliyopauka, au jeupe. Vinakuwa vijiua vidogo vidogo vimejipanga kwenye ncha ya tawi. Na sababu ya nyie kutoyaona wala si mbolea wala si mkono wa mtu, ni urefu wa mchana. Nanaa hizi za kawaida zinangoja siku ndefu ndo zichanue. Mombasa iko digrii 4 tu kusini ya ikweta, mchana wenu ni saa 12 na dakika kidogo mwaka mzima, sasa mmea utajuaje kwamba msimu umefika? Huku mwezi wa 6 mchana unapita saa 16. Wakumbuka zile Ramadhani za 2015 na 2016?

REHEMA: Msinikumbushe! Mlikuwa mwafuturu saa 3 na kitu usiku, sisi huku tushaswali tarawehe tuko kitandani.

JUMA: Basi mwanga uleule uliotutesa sisi ndo unaoiambia nanaa haya, toa maua. Mwezi wa 7 na wa 8 ndo inachanua haswa.

REHEMA: Na ikichanua utamu unapotea?

JUMA: Unabadilika. Nguvu zote zinapanda juu kwenye ua na mbegu, majani mapya yanakuja madogo, magumu, na yana ukali fulani hivi ambao kwenye chai hauna raha. Lakini hapa watu wanachanganya mambo. Pale mwanzo kabisa, tumba ndo kwanza zinafunguka, mafuta kwenye majani yanakuwa mengi, hata wakulima wa nanaa kali kule Oregon na Washington, Marekani, wanaoikamua mafuta, wanavuna wakati maua yanaanza. Kwahiyo ukiona tumba usilie, chukua mkasi ukate yote uanike kivulini, hapo una nanaa kavu ya kukutosha msimu wa baridi.

REHEMA: Yote? Mpaka wapi?

JUMA: Mpaka chini, acha vidole viwili au vitatu juu ya udongo. Mtu anaogopa, anakata vile vichwa tu, na ndio inasaidia kama unapitia kila baada ya siku mbili tatu kuvinyofoa, lakini mti ukishakuwa mrefu umechoka bora uukate wote, umwagilie vizuri, utie samadi iliyooza, wiki chache tu una majani laini tena.

REHEMA: Mi ningeacha matawi mawili matatu jamani, nyuki nao wale.

JUMA: Acha, wanayapenda sana. Ila usichume mbegu ukidhani utapata nanaa ileile. Nanaa zinaoana ovyo zikiwa jirani, mche wa mbegu unaweza kutoka na harufu yake mwenyewe. Na ile nanaa kali, ya peremende, ni chotara, kwa kawaida haitoi hata mbegu za kuota.

REHEMA: Ndo mana huku hatuhangaiki na mbegu. Nenda soko la Kongowea ununue fungu, chagua vijiti vyenye afya, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji, maji ubadilishe, wiki moja au mbili mizizi hiyo. Shida yetu sisi ni jua. Ukiiweka penye jua la mchana kutwa inakauka, ukiiweka kivuli kitupu inarefuka, shina tupu majani hakuna. Mpe jua la asubuhi, mchana kivuli, na udongo usikauke. Na kukata ni palepale hata kama haichanui, maana usipoichuma inazeeka tu.

JUMA: Hapo umesema. Na isipandwe chini bure bure! Matawi yake yanatambaa chini ya udongo, ukija kushtuka imeshaingia kwa mboga za jirani, we panda kwenye chungu chenye matundu, na kila mwaka uitoe uigawe maana mizizi inajaa mpaka inabanana humo ndani.

REHEMA: Kuna aliyeuliza madoadoa ya rangi ya chungwa chini ya majani.

JUMA: Hiyo ni kutu, ugonjwa wa ukungu. Matawi yenye madoa akate atupe, asitie kwenye mboji, na amwagilie udongoni asubuhi badala ya kurushia maji juu ya majani. Ikiwa imeenea mmea mzima mi ningeng'oa nianze na kijiti kipya, tena kwenye udongo mwingine.

REHEMA: Na nyie wa huko, baridi ikija?

JUMA: Juu inakauka yote, mtu anadhani imekufa anatupa chungu na mizizi mizima humo ndani. Muiache nje jamani, mwezi wa 3 au wa 4 inachomoza yenyewe. Anayetaka ya chai katikati ya baridi achimbue kipande cha mzizi mwezi wa 9 akiweke dirishani, penye mwanga.